Jibu: Anakusubiri ukitoka sokoni Mwanga

Mdogo wangu, pole sana. Umeuliza ubadili laini au la, maana huyo uliyeachana naye anakupigia usiku kwa namba tofauti na jioni anakuvizia ukitoka sokoni Mwanga. Laini usiitupe kwanza, wala usifute meseji hata moja. Huo ndio ushahidi wako.

Yaliponikuta mimi, huku huku Kigoma, nilinunua daftari nikawa naandika kila kitu: "Jumanne, saa 1:20 usiku, kasimama kwenye nguzo ya umeme, mama muuza dagaa kamwona." Kituo kimoja waliniambia hayo ni ya wapenzi, mkayamalize. Iliniuma mno. Nilirudi na daftari langu, wakanisikiliza.

Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na usiondoke bila RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kumsumbua na kumtisha mtu kwa simu ni kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Usimjibu tena, hata kwa tusi. Mjumbe wenu naye ajue. Akikuvamia, piga 112.

Jioni usirudi peke yako, tafadhali.