Maumivu Yameisha, Uvimbe Bado: Majibu ya Maswali Yenu ya Perikadaitisi

Safari hii nimepokea maswali mengi, na nikiyachambua karibu nusu ni swali moja tu limebadilishwa nguo: maumivu yameisha, si niache dawa? Kwa wageni, mimi siyo daktari, ni mgonjwa mwenzenu wa perikadaitisi, yaani uvimbe wa mfuko unaouzunguka moyo, na huu mfuko umenivimba mara nne na mara mbili kati ya hizo nilijitakia mwenyewe, mtaona huko chini kwa nini.

Nilikunywa kolkisini na ibuprofeni wiki mbili, maumivu yakaisha kabisa nikaacha. Sasa yamerudi, ni mara ya tatu. Ina maana dawa zimenigomea?

Dawa hazijakugomea ndugu yangu, wewe ndo umezigomea. Jamani hili nimelisema mpaka sauti imekauka, maumivu kuisha siyo uvimbe kuisha! Ibuprofeni inaua maumivu ndani ya siku chache, ndo kazi yake, lakini ule mfuko bado una moto ndani na ukiondoa dawa mapema unawaka upya. Kolkisini, ile dawa ya kutuliza huo uvimbe, kwa anayeugua mara ya kwanza ni miezi 3, na ukisharudiwa ni miezi 6 kwenda juu, na unaimeza hata siku ambazo unajisikia mzima kama chuma, hizo hasa ndo siku za kuimeza. Wanaougua mara ya kwanza, kati ya 15 na 30 katika kila 100 wanarudiwa, na aliyerudiwa mara moja bila kupewa kolkisini anaweza kufika nusu kwa nusu kurudiwa tena. Kolkisini inakata hiyo hatari karibu nusu, lakini ikiwa tumboni kwako, siyo ikiwa kabatini.

Na kuacha kwenyewe kuna utaratibu. Kwanza maumivu yaishe, halafu upime CRP kwenye damu, ile inayopanda mwili ukiwa na uvimbe, ikishuka ikawa ya kawaida ndo daktari anaanza kupunguza ibuprofeni au aspirini kidogo kidogo, wiki kwa wiki, kolkisini inabaki inakuwa ya mwisho kuondoka. Mimi mara ya pili niliacha kwa sababu nilikuwa na safari na sikutaka kubeba vidonge, yaani sababu ya kijinga kabisa, siku ya tisa nikawa nimekaa kitandani saa nane usiku nimeinamia mbele nashindwa hata kuvuta pumzi vizuri. Kama hujawahi kupimwa CRP tangu uanze dawa, hilo ndo swali la kumpelekea daktari wako, siyo kama zimekugomea.

Inaambukiza?

Hapana. Ila kama kilichokuletea ni TB, basi hiyo TB yenyewe inaweza kuambukiza, tibiwa na walio nyumbani wapimwe.

Nina maumivu ya kifua, nitumie dawa gani?

Hivi ndo alivyoandika, mstari mmoja, hajasema umri wala yalianza lini wala kama ameshawahi kupimwa chochote. Sasa mimi nikujibu nini? Kifua kikibana na hujui ni nini unaenda hospitali leo, siyo kesho, unapigwa kipimo cha umeme wa moyo. Ni kweli maumivu yetu sisi huwa ni ya kuchoma, yanazidi ukilala chali au ukivuta pumzi ndefu na yanapungua ukikaa ukiinama mbele, mara nyingine yanapanda mpaka juu ya bega, lakini wapo walioona dalili hizo hizo na ikawa ni kitu kingine kabisa. Hata sisi wazoefu, yakija ya namna ambayo hatuijui tunaenda, hatujifanyi mabingwa.

Nilipewa prednisoloni, maumivu yaliisha siku mbili tu, nafuu ya ajabu. Lakini uso umevimba na nimenenepa nikaamua kuziacha zote jana. Nimefanya vizuri?

Hapana dada yangu, na hili ni la leo leo, mpigie daktari wako sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Ukinywa steroidi, na prednisoloni ni mojawapo, kwa wiki kadhaa mwili unaacha kutengeneza za kwake, ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha ikashuka mpaka ukaanguka. Hilo ni mbali na perikadaitisi yenyewe, ambayo nayo itarudi kwa hasira.

Steroidi ndo mtego wetu mkubwa. Zinaleta nafuu haraka mpaka mtu anashangaa kwa nini hakupewa tangu mwanzo, kumbe walioanzishiwa steroidi mapema, tena dozi kubwa, ndo wanaorudiwa zaidi na kuzing'oa ni kazi ya miezi. Zina mahali pake, sikatai, kuna wenye figo mbovu au wasioweza aspirini na wenzake, kuna wenye magonjwa ya kinga ya mwili, hao zinawasaidia. Lakini hata hapo ni dozi ndogo, kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa kila kilo ya uzito, pamoja na kolkisini, halafu kushuka polepole sana. Ukifika chini ya miligramu 15 kwa siku unashuka miligramu moja na robo mpaka mbili na nusu, unakaa hapo wiki mbili mpaka sita, ndo unashuka tena. Ndiyo, inachosha. Wengi wanadondokea hapo hapo kati ya 15 na 10 maana wanaona wameshafika. Uso utarudi, sote uliturudia.

Mume wangu anasema najifanyisha kwa sababu vipimo vimetoka safi. Na mimi nimeanza kujitilia shaka.

Barua yako nimeisoma mara mbili dada. Mwambie shemeji hivi: maji kuzunguka moyo yanaonekana kwa wagonjwa kama 60 kati ya 100, na kipimo cha umeme wa moyo hakiwashiki wote, na hata CRP inaweza kuwa chini hasa kama ulishaanza dawa kabla ya kupimwa. Kwa hiyo vipimo safi havimaanishi unaigiza. Hapo hapo nikuambie na upande wa pili, usije ukasema nimekupendelea: siyo kila mchomo ni kurudiwa. Baada ya kuugua mara kadhaa misuli ya kifua inauma, hofu inauma, na kuna wanaoongezewa dawa nzito kwa maumivu ambayo hayatoki kwenye mfuko wa moyo. Muulize daktari kama kipimo cha MRI ya moyo kinaweza kukusaidia, kile kinaonyesha uvimbe pale ambapo eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, haioni. Na uanze kuandika kwenye daftari, tarehe, dozi ya dawa uliyoiruka, ulikuwa umelala au umekaa, maana daktari akiulizwa bila daftari anabahatisha na mume akiulizwa bila daftari anahukumu.

Kolkisini inanikimbiza chooni kila asubuhi.

Inatukimbiza wengi. Usiache, omba dozi ipunguzwe. Anayefika kilo 70 hupewa nusu miligramu mara mbili kwa siku, chini ya hapo mara moja, sasa kuna watu wa kilo 55 wanameza ya kilo 70 halafu wanalaumu dawa. Ila niwaonye kitu ambacho hamjauliza: hii dawa ikizidi ni sumu kweli kweli, ukisahau kidonge usimeze viwili kufidia. Ukiandikiwa antibayotiki, hasa klarithromaisini, sema unatumia kolkisini kabla hujatoka dirisha la dawa, zikikutana zinaweza kuua, na wenye figo au ini dhaifu ndo wawe makini mara mbili.

Naweza kurudi jimu? Najisikia poa.

"Najisikia poa" tena. Wanamichezo wa mashindano zamani waliambiwa angalau miezi 3 bila mazoezi, siku hizi daktari anampangia kila mtu muda wake, na kwa wote ni mpaka dalili ziishe na CRP, eko na kipimo cha umeme virudi kawaida. Kutembea taratibu sawa. Kama mapigo yanapanda mpaka huwezi kuongea sentensi nzima, umezidisha.

Moyo wangu utakuja kuwa mgumu kama jiwe? Nilisoma mahali.

Mfuko kukakamaa kwa sisi ambao chanzo hakijulikani ni nadra sana, chini ya mmoja kati ya 100. Wa TB na wa bakteria ndo wenye hatari kubwa zaidi, ndo maana kutafuta chanzo siyo anasa. Cha kukuogopesha ni hiki: pumzi inakata hata umekaa, mishipa ya shingo imetuna, kizunguzungu, unataka kuzimia. Hapo maji yanaweza kuwa yanaubana moyo na hakuna kusubiri asubuhi.

Nataka mtoto, nifanyeje na dawa?

Ongea na daktari KABLA ya mimba. Ibuprofeni na jamii yake haifai kuanzia wiki ya 20, dawa zako zitapangwa upya. Usiziache kimya kimya ukajikuta mjamzito na moyo unawaka.

Kuna sindano mpya nasikia zinaponya?

Zinatuliza, na zinatuliza vizuri sana. Rilonacept ilikubaliwa Marekani 2021 kwa ajili yetu hasa, anakinra ni ya kila siku, zote zinazuia ile kemikali ya mwili inayowasha moto, interilukini 1, na zimewatoa wengi kwenye steroidi. Ila ni ghali, na wengi wakiziacha ugonjwa unarudi. Kwa hiyo wewe uliyeshindwa kumaliza miezi 6 ya vidonge, sindano nayo utaiacha ya ngapi?

Nilaleje?

Nusu kukaa, mito mitatu mgongoni. Mimi wa nne naukumbatia mbele, ndo naegemea mpaka usingizi unanichukua.