MM au MC? Kabla hujanunua katriji, iangalie kwanza ncha ya sindano

Mi nlinunua katriji ya MC (katriji ni kile kichwa kidogo chenye sindano ya kusomea santuri) kabla sijajua MC ni nini. Nlisikia tu watu wanasema hiyo ndo yenyewe, ukishaionja hurudi tena kwenye MM, ile aina nyingine, basi nikajibana mpaka nikaipata, nikaifunga kwenye mkono wa tantebo, ile mashine ya kuchezea santuri, nikashusha sindano kwenye santuri... kimya. Yaani sio kimya kabisa, kuna kasauti kwa mbaaali kama redio ya jirani. Nikapandisha volyumu karibu na mwisho, muziki ukaja ila ukaja na shhhhh lake. Nikajua tayari nimepigwa, nimeuziwa mbovu. Kumbe katriji nzima kabisa, hesabu ndo sikupiga.

Iko hivi. Katriji zote kazi yao moja, sindano inapita kwenye mfereji wa santuri inatikisika na ule mtikisiko unageuzwa kuwa umeme. Kwenye MM (moving magnet) kinachocheza ni kasumaku kadogo kamekaa mwisho wa kijiti cha sindano, koili zimetulia zenyewe. MC (moving coil) ni kinyume, sumaku imetulia koili ndo zinacheza, na kwa vile inabidi ziwe nyepesi sana waya wake ni mizunguko michache, kwa hiyo umeme unaotoka ni kiduchu. MM ya kawaida inatoa kama milivolti 3 hadi 5, MC nyingi ni milivolti 0.2 hadi 0.5, yaani chini ya hapo mara kumi hivi. Amplifaya yangu ilikua na tundu la fono (la kuchomekea tantebo) la MM peke yake, sasa ingeisikiaje? Ilibidi nitafute priampu (kifaa kinachokuza huo umeme kabla haujafika kwenye amplifaya) yenye sehemu ya MC, na hapo ndo nikagundua kua bei ya MC sio bei ya katriji tu. Zipo MC za umeme mwingi, milivolti 2 hivi, hizo zinakubali kwenye tundu la MM.

Haya, nlivoiweka sawa ikaimba vizuri? Iliimba, siwezi kudanganya, vyombo vinakaa kila kimoja na nafasi yake. Alafu siku moja nafuta vumbi kitambaa kikanasa kile kijiti, ta! Kwisha. MC nyingi sindano haitoki ukabadilisha mwenyewe, ni kuirudisha kwa mafundi waitengeneze ama ununue nyingine. MM unachomoa sindano unachomeka mpya, dakika moja. Kama nyumbani kwako kuna watoto au paka, au una mikono mizito kama yangu, ushapata jibu hapo.

Sasa kilichonifumbua macho ni baada ya hapo. Nikarudi MM nikachukua Audio-Technica AT-VM95E, hii uzuri wake mwili ni mmoja ila sindano zipo za aina nyingi zote zinaingia humo humo. Ya kwangu ilikua na ncha yenye umbo la yai. Nyimbo za mwanzo wa santuri safi, ila ukifika wimbo wa mwisho karibu na lebo, sauti ya muimbaji inaanza kukwaruza, kila "s" inatoka kama mtu anakaanga kitu. Nlikua nalaumu santuri. Sababu ni kwamba santuri inazunguka spidi ile ile mwanzo mpaka mwisho, mara 33 na theluthi kwa dakika, lakini mzunguko wa ndani ni mfupi kuliko wa nje, so muziki wa muda ule ule unabanwa kwenye njia fupi, mawimbi yanakua madogo na ncha nene haiingii kwenye kona zake. Nikanunua sindano ya ML (microlinear), ambayo ncha yake imechongwa nyembamba sana pembeni, nikachomeka kwenye mwili ule ule. Makwaruzo karibu yote yakaisha! Mwili ule ule, koili zile zile.

Ndo maana saivi mtu akiniuliza MM au MC namuuliza kwanza ncha yako ikoje. Ya duara ndo rahisi na inavumilia ukiifunga vibaya kidogo, ya yai inasoma zaidi, Shibata (nayo ncha nyembamba jamii ya ML) na ML ndo zinasoma vitu vidogo kabisa ila ukizifunga kombo utajuta. Hata Denon DL-103, MC maarufu ya tangu miaka ya 1960, ncha yake ni ya duara tu, kwa hiyo neno MC peke yake halikuambii sana.

Zile katriji za seramiki kwenye mashine za sanduku (tantebo za kubeba kama begi) sina maneno nazo mengi, zinakandamiza santuri kwa gramu 5 au zaidi wakati MM nyingi zinataka kama 2, zifae kwa santuri usizozionea uchungu. Kampuni ya Grado nao wana aina yao ambayo kinachocheza ni kachuma, inaingia tundu la MM kama kawaida na sauti yake tamu, ila kwenye baadhi ya tantebo inanasa mvumo wa mota, ulizia kwanza wenye tantebo kama yako.

Na nunua kamizani kadogo ka gramu ka kupimia sindano inakandamiza kiasi gani, usiamini namba za kwenye mkono. Watu wanaogopa uzito wanaweka chini ya kiwango wakidhani wanaitunza santuri, kumbe sindano ikiwa nyepesi mno inarukaruka na kugonga kuta za mfereji, inaharibu kuliko ikizidi kidogo. Soma kiwango cha mtengenezaji uweke katikati.

Ah, na kama umerithi zile santuri nzito za spidi 78, usiziwekee sindano hizi. Mfereji wake ni mpana, zinataka ncha nene kama mara nne ya hii ya kawaida. Hiyo VM95 ina sindano yake ya kazi hiyo pia, inaitwa SP, mwili ule ule tena.