Taya Limerudishwa, Lakini Naogopa Kupiga Miayo

SWALI: Daktari, shikamoo. Juzi alfajiri nilipiga mwayo, mdomo ukabaki wazi, nisiweze kuufunga wala kusema. Hospitalini walilirudisha taya, wakanifunga bandeji kutoka kidevuni hadi utosini na kuniruhusu kurudi nyumbani. Bado nasikia maumivu mbele ya masikio, na mama mkwe ananihimiza niende kwa mkandaji alinyooshe lisije likateguka tena. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba taya lililokwisha kurudi mahali pake halina cha kunyooshwa. Lilipoteguka, kichwa cha mfupa wake kiliruka mbele ya kinundu kilicho karibu na sikio na kuzivuta kano zinazolishikilia. Kano hizo ndizo zinazouma sasa, nazo zikivutwa tena kabla ya kupona hulegea zaidi, hata taya likawa na mazoea ya kuchomoka.

Kwa wiki 2 hadi 3, usifungue mdomo zaidi ya sentimita 2, takriban upana wa kidole gumba. Wagonjwa wengi hujihadhari na chakula wakasahau mwayo, ambao ndio hatari zaidi kwa kuwa huja bila hodi: ukihisi unakuja, inamisha kichwa na ukaze ngumi chini ya kidevu mpaka upite. Fanya vivyo hivyo ukicheka au kupiga chafya.

Uji, mtori, viazi vya kupondwa na papai vitakutosha. Miwa, mahindi ya kuchoma na nyama choma vingoje. Parasetamoli hupunguza maumivu, lakini ibuprofeni usiitumie bila ushauri ikiwa una vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ujauzito. Bandeji ivae kama ulivyoelekezwa, ila ukisikia kichefuchefu ifungue mara moja usije ukapaliwa na matapishi. Mweleze pia daktari dawa zote unazotumia, maana baadhi, kama metoklopramidi ya kuzuia kutapika, huweza kukaza misuli ya taya.

Meno yasipokutana kama zamani, mdomo wa chini ukifa ganzi au uvimbe ukiongezeka, rudi hospitali siku hiyohiyo. Taya likichomoka tena, asijaribu mtu kulirudisha nyumbani: misuli hujifunga ghafla, na vidole vilivyo juu ya magego huumwa vibaya.