Kombi ya marehemu baba mdogo: niipige rangi yote ndo niuze, au niuze hivihivi?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko Nyegezi hapa Mwanza. Marehemu baba mdogo alituachia Volkswagen Kombi ya zamani, kadi inasema 1974, usukani kulia, ndani ina kitanda, kabati na jiko dogo la gesi, na paa lake linainuka upande mmoja lina kitambaa cha mistari. Ilikaa chini ya mwembe muda mrefu, nimeitengeneza kidogokidogo: breki zote, matairi, siti nimeshona upya, chini nimechomelea bati sehemu mbili na kugusia rangi palepale. Inatembea vizuri ila ikipanda mlima inanuka moto, nguvu inapungua, na ikisimama taa ya oili inawakawaka. Nimetumia kama milioni sita, dalali anataka kunipa tatu na nusu. Fundi bodi anasema nipige rangi yote ing'ae, fundi injini anasema nitoe hiyo injini niweke ya Toyota ndo itauzika. Kwenye tangazo nilitaka niandike "Westfalia, imerudishwa kama mpya". Nianzie wapi? Wabeja sana.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni kwa msiba. Nianze na hao mafundi wako wawili maana ndo wanaotaka kukumalizia hela iliyobaki. Usipige rangi yote, na hiyo injini usiitoe.

Mtu anayenunua Hiace ananunua kazi, ataangalia injini, ataangalia kadi, kesho yake iko barabarani inabeba watu. Mtu wa Kombi ni mwingine kabisa, huyo anakuja na sumaku mfukoni imefungwa kwenye kitambaa, analala chini ya gari na tochi kabla hata hajakusalimia vizuri, na akikuta gari ya umri huu inang'aa kila kona swali la kwanza kichwani mwake ni chini ya hiyo rangi kuna nini. Sumaku isiponata pale chini ya mlango anajua ni puti, ile ya kuzibia mashimo, na kuanzia hapo kila anachoshindwa kukiona anakikatia hela, tena anakata kwa kukisia ubaya wote. Yako saivi ina viraka viwili vinaonekana, vimechomelewa bati kwa bati, hiyo anaweza kuikagua na kuihesabu. Ukimfunika anahesabu zaidi ya ukweli. Kama una picha za wakati unachomelea zitafute kwenye simu, zina faida kuliko lita tano za rangi.

Sehemu zenyewe anazoenda kuzicheki nikutajie ili umtangulie: yale matundu ya kuwekea jeki pembeni, bati za chini ya milango ambazo kwenye Kombi ziko tabaka kwa tabaka kwa hiyo nje panaweza kuonekana pazima ndani pameshaisha, pale betri inapokaa ndani ya chumba cha injini, chini ya mpira wa kioo cha mbele, mfereji wa maji juu ya milango, na kwenye gari yako pembezoni mwa tundu la paa maana bati lilikatwa pale kuingiza hilo paa na maji ya mvua hupenda kuingilia hapo. Chukua bisibisi gonga mwenyewe. Palipooza piga picha, weka kwenye tangazo. Na kama gari imekaa maisha yake yote huku kwetu liandike hilo, ziwa letu ni maji baridi, gari ya huku haijala chumvi ya bahari kama ya Tanga au Dar na watu wa magari ya zamani wanalijua hilo vizuri.

Kitu kimoja mwambie fundi bodi kwa ukali kabisa: asiguse namba ya chasis. Kwenye Kombi hizi imegongwa kwenye bati ndani ya chumba cha injini upande wa kulia, na nimeona mtu anapiga msasa na grainda mle ndani eti anasafisha kutu, namba ikabaki kivuli. Gari ya namna hiyo ukiipeleka kwa mkaguzi wa polisi unaanza kujieleza wewe badala ya gari.

Hiyo namba pia inakwambia gari yako ni nini hasa. Tarakimu mbili za mwanzo ni aina, 21 ni boksi la mizigo, 22 ni la abiria, 23 ni Kombi yenyewe, na tarakimu ya tatu ni mwaka wa modeli, kwa hiyo inayoanza 234 ni Kombi ya modeli ya 1974, na modeli ya 1974 kule kiwandani ilianza kutoka Agosti 1973. Ukikuta chasis inasema 3 na kadi inasema 1974 usishtuke, mara nyingi kadi ilifuata mwaka wa kusajiliwa, we andika zote mbili kwenye tangazo mnunuzi asije akadhani umemficha. Cheki na indiketa za mbele: zikiwa chini karibu na bampa ni za kabla, zikiwa juu pembeni ya ile grili ya hewa ni kuanzia modeli ya 1973.

Sasa hiyo Westfalia ifute. Paa linaloinuka upande mmoja na kitambaa cha mistari, hapo umenielezea paa la Dormobile, la Uingereza, walikuwa wanatengeneza Folkestone, na usukani wa kulia unakubaliana na hiyo stori. Westfalia ni ya Ujerumani na paa lake haliinuki kiubavu. Dormobile ni jina zuri lenye watu wake, ila ukiandika Westfalia mtu anayejua atasoma mstari huo mmoja atafunga simu, atahisi kama hili hulijui basi na mengine ni ya kubahatisha. "Imerudishwa kama mpya" nayo itoe. Andika ulichofanya: breki zote, matairi, siti, viraka viwili. Basi.

Injini. Wabongo tukisikia inachemsha tunawaza rejeta, hii haina rejeta wala tone la maji, inapozwa na upepo wa feni unaopita ndani ya mabati yaliyoizunguka. Mafundi wetu wengi wakishusha hii injini wakati wa kurudisha hayo mabati wanayaona usumbufu, yanabaki pembeni na mwisho yanaenda kwa wauza skrepa, afu ule mpira unaoziba nafasi kati ya injini na bodi ukishakatika hakuna anayeuwazia, matokeo yake hewa ya moto inayotoka chini inarudi juu kuvutwa tena na feni. Pale mjini kwenye tambarare hutaona kitu, panda nayo mlima wa Bugando na mzigo ndo utanusa huo moto unaousema. Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu yeyote fungua mlango wa nyuma uangalie, ukiona ardhi pembeni ya injini ushapata jibu la kwanza. Afu mkanda wa feni, timing (muda wa plagi kuwasha), na nafasi ya vavu ambayo kwa injini ya cc 1600 inapimwa injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, 0.15 mm. Fundi akiipima gari imetoka kutembea mkatalie.

Na oili muulize alijaza ngapi. Hii injini kama ni 1600, na utajua kwa herufi za mwanzo za namba ya injini, AD au AS, inachukua lita mbili na nusu tu. Nimekuta mtu kamwaga galoni nzima ya lita nne kwa mazoea ya Toyota afu anashangaa moshi na oili kutapakaa kila mahali. Haina filta ya kufungua na kutupa, ina chujio la waya chini linaoshwa. Ukimaliza yote hayo na taa bado inawakawaka ikiwa ya moto, tafuta fundi mwenye geji ya presha ya oili, injini ikiwa ya moto kwenye mzunguko wa 2500 isiwe chini ya psi 28. Ikiwa chini basi huenda bearing zimechoka, usiifungue, waambie wateja hivyohivyo na weka kwenye bei.

Kuhusu kuweka ya Toyota: injini ya Kombi iko nyuma, ukileta ya maji unatafuta pa kuweka rejeta, unapitisha mabomba chini ya gari zima, unakata bati, unatengeneza bati la kuunganisha na giaboksi, afu unaenda TRA kubadilisha taarifa za injini kwenye kadi. Ukishamaliza unakuwa na gari ambayo mpenzi wa Kombi haitaki na mtu wa Hiace haitaki. Spea za 1600 bado zinatengenezwa, Brazil waliweka injini za upepo kwenye Kombi mpya mpaka 2005, hizi sio spea za makumbusho.

Hela kidogo iliyobaki iweke kwenye paipu za petroli. Zile za zamani zilizovikwa uzi zinapasuka kwa ndani huzioni, na injini ya moto iko palepale, Kombi nyingi zimeungua kwa paipu ya bei ya chipsi. Badilisha zote na klipu zake. Paipu ya gesi ya jiko nayo, na mtungi utoe kabisa kwenye gari mpaka siku unayouza. Matairi umesema mapya, yawe ya C, yale ya kubeba mzigo, 185R14C ndo saizi yake, ukifungiwa ya gari ndogo gari itayumba na mnunuzi atakwambia shida ni stelingi.

Makaratasi ndo yatakuchelewesha kuliko kutu, kwa hiyo anza nayo leo wakati fundi anahangaika na mabati. Gari ni ya marehemu, wewe huwezi kusaini kama muuzaji hata kama ukoo mzima umekubali kwenye kikao, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hajateuliwa kaeni kikao cha ukoo, mwende Mahakama ya Mwanzo na muhtasari na cheti cha kifo. Mke na watoto wa marehemu wawepo kwenye hiyo karatasi, nakuomba, gari za urithi zinarudishwa polisi na mtoto ambaye hakuulizwa. Baada ya hapo ni TIN ya muuzaji na ya mnunuzi, mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kadi halisi, ada na ushuru wa stempu TRA. Kadi ikiwa imepotea anzia polisi kwa taarifa ya upotevu. Kama bado ina plate ya zamani inayoanza na TZ, iingize kwanza kwenye usajili wa sasa. Dalali akikutisha na madeni ya road license ya miaka yote ile iliyokaa chini ya mwembe mcheke tu, ile ada ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamia kwenye mafuta. Faini za trafiki ndo za kuangalia, zinasoma kwa namba ya gari na mnunuzi atazicheki kwenye simu palepale mbele yako.

Bei sasa. Milioni sita uliyotumia sio bei, mnunuzi hakukutuma. Ila tatu na nusu ya dalali nayo ni bei ya mtu anayejua ana mteja tayari, hapo kuna cha juu kinene. Uzito wako uko hapa: mtu akitaka kuagiza Kombi ya mwaka huo kutoka nje anakutana na ushuru wa forodha, VAT na ushuru wa uchakavu juu yake, yako ishalipiwa, ina namba, ina kadi. Hiyo ndo unauza. Upande wa pili usiangalie bei za mtandaoni za Marekani za dola laki na zaidi, hizo ni zile za mpaka 1967 zenye kioo cha mbele kilichogawanyika na madirisha 21 au 23, sio ndugu wa karibu wa hii yako. Mteja wa Nairobi akikupigia msikilize lakini usimshikie gari, Kenya hawaruhusu kuingiza magari yaliyozidi miaka 8, athibitishe kwanza na mamlaka za kwao ndo aongee hela. Wa kuwalenga ni wapenzi wa magari ya zamani wa Arusha na Dar, na wenye hoteli na kambi za huku ziwani mpaka Lamadi pale karibu na geti la Ndabaka la kuingilia Serengeti, ingawa hao wa mwisho wengine wanataka kuisimamisha tu ufukweni wauzie kahawa, na kama huna moyo wa kuiona hivyo amua mapema. Mwenye kambi akikwambia atabebea watalii mwambie hiyo ni leseni nyingine, isiwe sababu ya kukulalia kwenye bei.

Tafuta bei ya fundi bodi kwa maandishi, kuimaliza hiyo bodi ni shilingi ngapi, muoneshe mnunuzi karatasi yenyewe. Akitaka kupunguza mnagombania namba iliyoandikwa. Dalali akubali asilimia yake kwenye karatasi kabla hajaleta mtu, asipokubali mwache aende.

Siku mteja anakuja usiwashe gari asubuhi. Aikute baridi aguse injini kwa mkono wake, afu awashe yeye. Cheki bima iko hai, aoneshe leseni, kitambulisho chake kibaki kwa mtu wako nyumbani, na wewe ukae siti ya pembeni. Mpeleke Barabara ya Kenyatta mpaka Usagara na kurudi, mkirudi mpandishe Bugando asimame katikati ya mlima avute hendibreki. Kama mabati yamerudi na vavu zimepimwa utakuwa umekaa kimya unaangalia dirishani. Akilipa, alipe kupitia benki, mwende wote TRA siku hiyohiyo, usikubali ile ya "nitabadilisha jina nikifika Dar", maana mpaka atakapobadilisha, kila kamera na kila trafiki anaandika jina la baba yako mdogo.