Kingamwili "ya" aromatasi au "dhidi ya" aromatasi?

Swali: Mwalimu, shikamoo. Niko maabara ya hospitali hapa Mbarara. Tunaandaa maelezo ya Kiswahili kuhusu kingamwili (protini ya kinga inayonata kwenye kitu maalumu) tunayotumia kuona aromatasi kwenye vipande vya tishu. Mwenzangu ameandika "kingamwili hiki dhidi ya aromatasi", mimi nimeandika "kingamwili ya aromatasi". Nani amepatia?

Jibu: Marahaba. Kwanza tuiondoe hiyo "hiki". Ki- ya mwanzo si kiambishi. Ni ya neno "kinga" lenyewe, lililounganishwa na "mwili". Ni kingamwili hii, kingamwili hizi, "vingamwili" hakuna. Aliyekua na Luganda, ambamo ekitabo huwa ebitabo, sikio humvuta huko. Chenye wingi wa vi- ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, kama aromatasi yenyewe.

Kwenye "ya" ndipo penye kazi. Aromatasi ni kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume, kama testosteroni, kuwa estrojeni. Kipo kwenye ovari, kondo la nyuma, mafuta ya mwili, hata ubongo. Msomaji akikuta "kingamwili ya aromatasi" anaweza kudhani aromatasi ndiyo inayoitengeneza. Tena nyinyi wa maabara husema "kingamwili ya sungura", yaani imetoka kwa sungura aliyechanjwa. Ikija ya pili, iliyotoka kwa mbuzi ili ishike ile ya sungura, "ya" zinagongana na msomaji anapotea.

"Dhidi ya" inaondoa utata huo, lakini siipendi katika maelezo haya. Neno hilo limebeba upinzani: chanjo dhidi ya surua, mapambano dhidi ya malaria. Na dawa za kuzuia aromatasi zipo kweli, kama letrozoli na anastrozoli, wanazopewa wanawake waliokoma hedhi wenye aina fulani za saratani ya matiti. Mgonjwa akisoma "dhidi ya aromatasi" atafikiria dawa yake. Kingamwili yenu haitibu kitu: inanata kwenye kimeng'enya, kisha rangi, mara nyingi ya kahawia, inaonyesha chini ya darubini kilipo.

Andikeni "kingamwili ya sungura inayotambua aromatasi", na ile nyingine "kingamwili ya mbuzi inayotambua kingamwili za sungura". "Ya" itaje ilikotoka, kitenzi kitaje kazi yake. Kwenye kibandiko cha kichupa, ambako nafasi ni finyu, mwachieni mwenzako "dhidi ya" yake; anayeshika kichupa hicho anajua kilichomo.