Nitapata wapi vitabu vya Kiswahili Nairobi, wikendi moja tu?

SWALI: Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, niko Voi. Mwezi ujao nakuja Nairobi na binti yangu wa miaka 11, tunafika Ijumaa usiku na basi na kurudi ni Jumapili usiku. Nimemuahidi wikendi yote ni ya vitabu, tuzunguke bukshop hadi tuchoke, na nimeweka kando elfu sita ya vitabu peke yake, nauli na chakula viko mbali. Shida ni kwamba kila nikiuliza watu wa huko naambiwa Nairobi hakuna vitabu vya Kiswahili, ni Kizungu tupu na vya shule, afadhali niagize Dar. Ni kweli? Na tuanzie wapi, manake nimeandika orodha ya maduka tisa na sijui kama siku mbili zitatosha. Mwalimu, Voi.

JIBU: Mwalimu, karibu sana, na huyo binti mwambie tunamngoja. Nianze na hilo la kuambiwa hakuna kwa sababu limeniuma, nimelisikia miaka mingi na si kweli. Vitabu vya Kiswahili viko Nairobi na ni vingi, ila havijawekwa mahali mtu akipita tu ataviona. Ukiingia duka kubwa pale mbele unapokelewa na vitabu vya kutafuta utajiri, vya dini, na riwaya za kutoka Uingereza na Marekani. Kiswahili kiko nyuma kabisa kwa rafu za shule, kimebanwa katikati ya mazoezi ya Gredi ya 6 na karatasi za marudio, manake wenye maduka wanakihesabu kama somo, hawakihesabu kama lugha ambayo mtu mzima anaweza kukaa nayo jioni akajisomea. Kwa hivyo unakuta riwaya nzuri ya watu wazima imelaliana na kitabu cha insha na hakuna mtu ameigusa tangu mwaka uanze.

Sasa ukifika kaunta fungua mdomo, na usiulize tu "mko na vitabu vya Kiswahili?" kwa sababu utapelekwa moja kwa moja kwa setbuku, zile za kutahiniwa shuleni, za mwaka huu na mazungumzo yataishia hapo. Uliza riwaya, uliza diwani za mashairi, uliza hadithi za watoto ambazo si za darasa. Na taja wachapishaji, hiyo inawafanya wajue unajua unachotafuta: Longhorn, EAEP, Moran, Oxford, KLB, Jomo Kenyatta Foundation, na pia uulize kama kuna chochote cha Mkuki na Nyota kutoka Dar. Mimi nimeona mhudumu ameniambia hakuna, halafu nilipotaja jina la mchapishaji akaenda nyuma akarudi na vitano mkononi.

Hiyo orodha ya tisa ikate, Mwalimu. Maduka manne au matano yanatosha, matano yakiwa mengi. Mko na mtoto, mko na magari ya Nairobi, na kitabu hakichaguliwi mbio mbio, mtu anasoma ukurasa wa kwanza, anarudisha, anazunguka, anarudi kukichukua tena. Kuna kitu kimoja tu cha ratiba lazima ukishike: Jumamosi iwe ya tauni na Jumapili iwe ya mol. Maduka mengi ya katikati ya mji Jumamosi yanaanza kufunga mchana na Jumapili hayafungui, ya mol ndiyo yanakuwa wazi Jumapili. Wageni wengi wanafanya kinyume, wanalala Jumamosi asubuhi wakaenda mol, halafu Jumapili wanakuta milango ya chuma imeshushwa tauni nzima.

Jumamosi saa tatu muwe mmeshakunywa chai. Anzeni Latema Road kwa Savani's, si mbali na zile ofisi za mabasi ya Mombasa, ni duka la zamani la vitabu vya shule na ndani kumejaa kweli kweli, na hapo utapata vile vitabu vya wachapishaji wetu nilivyokutajia. Mkoba uwe mbele ya kifua na simu isitoke mfukoni ukiwa barabarani, hiyo ni kawaida tu ya maeneo hayo, isikutie hofu.

Halafu tokeni mje Tom Mboya na Moi Avenue, na hapa naomba mkae, msipite tu. Hapa ndipo kwa inama. Jina limetokana na jinsi unavyonunua: vitabu vimetandazwa chini kwa turubai ama gunia, na wewe unainama. Kwa msomaji wa Kiswahili mimi nasema inama inashinda duka lolote la kioo, na sababu yake wewe mwalimu utaielewa haraka. Riwaya au tamthilia ikiwa setbuku inachapishwa kwa maelfu, kila shule inanunua, kila mwanafunzi anakuwa nayo. Miaka ikiisha inaondolewa kwa mtihani, inaingia nyingine, na duka linaacha kuiagiza kwa sababu wateja wake walikuwa wanafunzi tu. Lakini zile nakala haziendi popote. Zinakaa chini ya vitanda, kwa masanduku, halafu siku moja mama anasafisha nyumba zinauzwa kwa kilo ama kwa gunia na zinatua Tom Mboya. Kwa hivyo zile kazi ambazo dukani utaambiwa zimeisha miaka kumi iliyopita, ziko hapo chini na vumbi kidogo.

Nina moja niliyonunua hivyo, bado imevalishwa gazeti na selotepu imegeuka rangi ya chai. Ndani jina la mwanafunzi limekatwa na biro ya buluu, chini yake jina la pili, nalo limekatwa, halafu la tatu limeachwa. Juu ya mistari mmoja wao ameandika kwa penseli "tashbihi", mbele kidogo "mbinu rejeshi", na mahali mhusika anafiwa na mamake ameandika tu "woi" pembeni. Nimesoma hiyo riwaya mara mbili na hiyo "woi" inanishika kila mara. Mchague moja kama hiyo na binti, amsome mwenye kitabu pamoja na kitabu chenyewe.

Bei ya inama ni hamsini, mia, mia na hamsini, mia mbili kwa kilicho kizuri. Usianze na bei, anza na kitabu. Mwambie muuzaji unatafuta riwaya za Kiswahili na hadithi za watoto, na kama yeye hana atakwambia "ngoja hapo dakika mbili" akimbie kwa mwenzake wa kona ile nyingine akuletee. Ngoja, hata dakika mbili zikiwa kumi. Hao watu wanajua vitabu kuliko wanavyopewa sifa, kuna mmoja ambaye hata wahadhiri hununua kwake na anakumbuka kila mtu anatafuta nini.

Lakini kagua kabla ya kulipa. Vitabu vingi huchapwa kwa mafungu ya kurasa, mara nyingi 16 au 32, kwa hivyo mgongo ukichoka wakati mwingine haichomoki karatasi moja, linatoka fungu zima. Mimi nilishanunua riwaya nikaifurahia hadi ukurasa wa 96, nikageuza nikajikuta 129. Kurasa 32 zimeenda, na ndizo arusi ilivunjikia humo, hadi leo sijajua ni nani alisema nini. Fungua katikati, angalia namba, angalia mgongo. Na ukiona nakala mpya kabisa inayouzwa bei ya mtumba, yenye maandishi yamefifia upande mmoja na pambizo zimeenda kombo, hiyo ni ya wizi, iache. Mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo tayari, hicho kidogo tusimnyang'anye.

Kabla hamjatoka Moi Avenue ingieni Nuria, jengo la Bazaar. Hao wamejijengea jina kwa kuuza vitabu vya Wakenya waliojichapishia wenyewe, wale ambao maduka makubwa yaliwafungia mlango, na kati yao kuna washairi wa Kiswahili. Ni chumba, si jumba, lakini mimi hutoka na kitu kila nikienda.

Mchana tembeeni hadi Banda Street, karibu na Msikiti wa Jamia, umuonyeshe mtoto maktaba ya McMillan. Hamnunui kitu hapo, ni kuona. Ina simba wawili wa mawe pale mbele na nguzo kubwa, ilifunguliwa 1931, na hadi 1958 Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Mwambie hivyo mkiwa mmesimama hapo hapo kwa ngazi. Hata mkikuta mlango umefungwa, hizo ngazi zinatosha kwa hilo, na ni mahali pazuri pa kukaa kuangalia mlichonunua.

Jumapili chagueni mol moja, mkikazana mbili. Kwangu mimi ni Sarit kule Westlands, kwa Text Book Centre. Hiyo kampuni iko tangu 1964 na hilo tawi la Sarit ni kubwa, upande wa watoto binti atapotea humo na umuache apotee. Uliza Kiswahili kwa njia niliyokuambia. Kama ungekuja wakati wa maonyesho ya kimataifa ya vitabu, ambayo yalianza 1998 na yamekuwa yakifanyika hapo hapo Sarit, mara nyingi Septemba, ungekuta wachapishaji wenyewe na meza zao na bei zimeshuka, kwa hivyo mwaka kesho panga hivyo ukiweza.

Ama mchukue matatu ya 46 mwende Yaya, kuna Bookstop. Ni la Kiingereza zaidi, sitakudanganya, lakini ni duka la mtu anayependa vitabu, vipya na vya mtumba vinakaa pamoja. Kuna pia Soma Nami, wao wameamua kuuza vitabu vya Waafrika peke yake, na huo uamuzi unaonekana kwa kila rafu. Haya maduka madogo huwa yanahama, kwa hivyo angalia ukurasa wao ama upige simu kabla hamjatoka.

Pesa sasa. Elfu sita ni ya kutosha ukiigawa vizuri. Elfu mbili mpe inama, utabeba zaidi ya kumi. Elfu tatu iwe ya vitabu vipya vya wachapishaji wetu, ambavyo vya watoto ni mia chache kila kimoja na riwaya inapanda kidogo. Elfu moja mpe binti mkononi, zake, achague bila wewe kusema neno, hata akichagua kitu wewe mwalimu hukipendi. Ukishangaa kwa nini kipya ni ghali hivyo, sehemu ni ushuru, VAT ya 16% ililetwa kwa vitabu 2013 na wachapishaji wamekuwa wakiilalamikia tangu hapo, na mimi nawaunga mkono mia kwa mia, kitabu cha mtoto hakifai kutozwa ushuru kama soda.

Na beba mfuko wako wa kitambaa, tena mgumu, ama mbili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017 na ile ya dukani unanunua na haihimili vitabu ishirini hadi Voi.

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne, niko Kayole, sina kazi bado. Napenda kusoma lakini sina pesa ya kununua. Nikiingia bukshop nisome kidogo nimesimama, naona askari ananifuata na macho. Ni makosa? J., Kayole.

JIBU: Si makosa mdogo wangu. Kufungua kitabu na kusoma kurasa mbili tatu ndiyo kununua kwenyewe kunaanza, na duka lenye akili linajua hilo. Nilipokuwa rika lako niliwahi kutolewa kwa duka moja hapa mjini, nimeshika diwani ya mashairi, nikaambiwa hapa si maktaba. Nilitembea hadi stejini machozi yako karibu. Kwa hivyo nakuelewa, na nakwambia usiache kuingia.

Lakini kwa kusoma kwenyewe, kwa kukaa, uko karibu na mahali pazuri kuliko tauni. Kuna maktaba ya Makadara na kuna ya Kaloleni, zote mbili ni dada zake McMillan, na Book Bunk, shirika la Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likizifufua. Kuna pia ile ya taifa Buruburu, ukitoka Kayole ni matatu moja. Anza na Kaloleni, beba kitambulisho na kalamu, enda asubuhi kabla watoto wa shule hawajajaa, na umuulize mtu wa dawati rafu ya Kiswahili iko upande gani. Akikuonyesha uniandikie tena uniambie umepata nini.