Pinboli ya Farfalla inawaka taa lakini haichezi

Ndugu yangu, unasema Farfalla yako, ile mashine ya pinboli (mchezo wa kurusha kigololo cha chuma) ya kampuni ya Zaccaria ya Bologna, Italia, ya mwaka 1983, inawaka taa lakini mchezo hauanzi. Usikimbilie kununua bodi nyingine ya umeme. Chomoa waya ukutani, kisha itazame betri kwenye bodi kuu. Ukiona ungaunga wa kijani pembeni, imevuja, na uvujaji huo hula polepole njia za shaba zinazopitisha umeme kwenye bodi. Itoe betri hiyo. Sugua bodi kwa mswaki na siki kidogo, suuza kwa spiriti, iache ikauke kabisa, halafu pima kila njia kwa mita ya umeme. Kioo cha nyuma, kile chenye picha kilichosimama juu ya mashine, nakusihi, usikifute upande wa ndani hata kwa kitambaa kikavu: rangi iko huko, ikibanduka hairudi.